Mjadala: Je, galaksi kibete ya Sculptor ina makundi mawili ya nyota?

Mwanafalaki: Mwaka 2004 Eline Tolstoy na wenzake, wakitumia darubini ya VLT iliyoko Chile, walionyesha kwamba katika Sculptor, galaksi ndogo inayoizunguka galaksi yetu ya Njia Nyeupe, nyota zenye metali nyingi (yaani elementi nzito kuliko heliamu) zimesongamana kitovuni na kasi zao hazipishani sana, ilhali zenye metali haba zimetapakaa hadi pembezoni na kasi zao zinapishana zaidi. Wao wakasema ni makundi mawili. Je, ni vizazi viwili vilivyotengana kweli, au ni badiliko la taratibu ambalo sisi tumelikata tulipopenda?

Bint Thurea: Kwangu ni badiliko la taratibu. Gesi ilidumu kitovuni, ambako mvutano una nguvu, na nyota zikaendelea kuzaliwa humo kutokana na gesi iliyokwisha kurutubishwa kwa metali na supanova (milipuko ya nyota) za awali.

Kilindi: Mnahangaikia makombo yaliyosalia baada ya Njia Nyeupe kujengwa. Nyota zake ni zile zile za halo yetu, yaani nyota zilizotawanyika kuizunguka galaksi yetu.

Mwanafalaki: Ndugu Kilindi, neno "makombo" siliachi lipite. Nyota nyingi za Sculptor, zikilinganishwa na nyota za halo zenye kiasi kile kile cha chuma, zina magnesiamu na kalsiamu kidogo zaidi, kwa sababu uzazi wa nyota ulikwenda polepole na supanova za aina ya Ia, ambazo huchelewa kulipuka, zikapata muda wa kuongeza chuma. Ni zile fukara kabisa wa chuma tu zinazofanana na za halo. Unawezaje kusema ni zile zile?

Kilindi: Umenijibu kana kwamba nimemtukana mtu. Data za chombo cha angani Gaia zilionyesha mwaka 2018 kwamba sehemu kubwa ya halo ilitoka katika galaksi ndogo iliyomezwa yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Hilo nalo utalikana?

Mwanafalaki: Silikani, ila linakupinga wewe. Iliyomezwa ilikuwa kubwa kuliko Sculptor na iliunda nyota zake kwa kasi. Sculptor imeishi maisha yake yenyewe, na ndiyo maana inastahili kuchunguzwa.

Bint Thurea: Kaka zangu, mmeliacha swali. Mwaka 2011 Walker na Peñarrubia waliyatumia makundi hayo mawili kupima uzito uliomo katika masafa mawili tofauti kutoka kitovuni, wakahitimisha kwamba maada ya giza, ile isiyoonekana ila hujulikana kwa mvutano wake, haijasongamana kitovuni kama nadharia ilivyotabiri. Wengine wamelipinga hitimisho hilo. Kama mgawanyo ni wetu tu, kipimo kile kinasimama juu ya nini?

Kilindi: Kuhusu maada ya giza sina ugomvi nawe, dada. Ila Mwanafalaki hajaonyesha bado kwamba zile nyota fukara wa chuma za pembezoni, ambazo yeye mwenyewe amekiri zinafanana na za halo, si sehemu ya hadithi moja na halo yetu.