Naombeni ushauri: nataka kuosha magari bila kuharibu mazingira

Kijana_Mji_Kasoro:
Habari za jioni wakuu. Nipo Morogoro, nimeacha kazi ya dukani, nataka kufungua kijiwe cha kuosha magari. Nataka kiwe rafiki wa mazingira, maana siku hizi watu wakiona povu linatiririka mtaani wanaanza kelele. Naulizia sabuni gani haina madhara, na namna ya kuosha kwa maji kidogo. Usiku sipati usingizi kwa hili jambo. Wenye uzoefu karibuni, matusi hapana.

Bibi_Kahawa:
Nimekaa pale, nasubiri wataalamu.

Mzee_wa_Lori:
Mwanangu, sabuni siyo tatizo, tatizo ni vijana utakaowaajiri. Nimepiga Dar–Tunduma mpaka mvi zimenitoka. Unaacha gari lioshwe, ukirudi chenji ya dashibodi imeyeyuka. Halafu wanakupulizia dizeli uvunguni eti ing'ae! Dizeli inakula raba za bushi, na ile inayodondoka inazama ardhini. Kuna siku pale Msamvu nusura nimchape mmoja. Anyway, kila la heri.

Fundi_Chemba:
Nijibu swali. Mpira wa kawaida ukiachwa wazi unamwaga lita 15 hadi 20 kwa dakika. Mashine ndogo za presha nyingi zinatumia lita 6 hadi 9, na ukiachia kifyatuo maji yanakata. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo, inakomba nta ya bodi. Zile dawa za kupuliza na kufuta bila maji zinafaa gari lenye vumbi jepesi tu. Gari limeshuka Mgeta na tope la masika, ukilifuta hivyo unachora bodi nzima.

Ila kijiwe hakipimwi kwa sabuni. Maji machafu yanaishia wapi? Hujasema eneo.

Kijana_Mji_Kasoro:
Ahsante mkuu. Mtaro utakuwepo. Turudi kwenye sabuni.

Fundi_Chemba:
Mtaro unaishia wapi?

Binti_Uluguru:
Anakwepa huyo 😂

Kijana_Mji_Kasoro:
Haya. Uwanja upo kandokando ya Mto Morogoro, kama hatua ishirini hivi, maji yanashuka yenyewe kwa mteremko. Lakini jamani, kuna watu wanaingiza magurudumu mtoni kabisa na hakuna anayewagusa! Mimi angalau nitatumia sabuni ya mimea. Na kodi nimeshalipa, mashine ipo ndani, pampu ya kuvuta maji mtoni nayo nimeshanunua. Msiniambie nihame.

Fundi_Chemba:
Kumbe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua zako ishirini hazifiki hata nusu. Pampu nayo inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Sabuni ya mimea bado ni sabuni. Inahitaji muda na vijidudu ili ivunjike, ikiingia mtoni mbichi inaumiza matamvua ya samaki. Na hapo hatujagusa grisi na oili za injini. Tafuta uwanja mbali na mto, mwaga zege, jenga chemba ya vyumba vitatu. Mchanga unatua cha kwanza, mafuta yanaelea cha pili, na maji yanapita kwenda cha tatu kwa bomba linalovuta kutoka chini, mafuta yabaki juu uyachote.

Dar_Kavu:
Mdogo wangu, Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo tunayokunywa sisi huku. Mwaka 2022 maji yake yalipopungua sana tukawekwa kwenye mgao, nikawa nakoga kwa kikombe. Leo uniletee povu la Noah?

Ustadhi_Mstaarabu:
Tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha kwenye mto unaotiririka. Tafakari, kijana.

Kijana_Mji_Kasoro:
Ustadhi, sijasema nitafanya israfu. Na mwenye uwanja ni mjomba, nikimrudishia funguo ni ugomvi wa ukoo.

Mpekuzi:
Subirini kwanza. Juzijuzi alifungua uzi akiwa "mfugaji wa kware, Singida", analia soko hakuna. Leo yupo Moro, katoka dukani, ana mjomba mwenye uwanja mtoni. Hii chai.

Binti_Uluguru:
Nikashangaa mtu kanunua pampu ndiyo anauliza sabuni!

Bibi_Kahawa:
Chai imeiva, nani ana vitumbua?

Kijana_Mji_Kasoro:
Akaunti tulikuwa tunatumia na kaka yangu. Kware ni wake.

Mpekuzi:
Kaka ambaye naye hapati usingizi usiku? Maneno yaleyale.

Fundi_Chemba:
Chai au si chai, mwenye uwanja wa namna hiyo yupo na anasoma. Kijana, kama upo kweli, piga picha ya mteremko bila kuonyesha nyumba za watu, nikuchoree chemba.

Kijana_Mji_Kasoro:
Simu yangu kamera mbovu mkuu.

Mzee_wa_Lori:
Wale kware lakini, bado wapo? Mke wangu anataka mayai.