Tulilipia gari lenye kitanda ndani, tukapewa hema la juu ya paa. Mama yangu kalala kwenye siti usiku saba

Wakuu, salaam. Nimekaa na hasira hii wiki tatu nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naiweka hapa, ni ndefu, mnivumilie. Jina la kampuni silitaji kwa sasa kwa sababu suala linaelekea mahakamani na sitaki kuwapa kisingizio. Ni ya hapahapa Kampala, inakodisha magari ya kulala kwa watu wanaotaka kuzunguka hifadhi wenyewe bila dereva.

Kwanza mjue safari ilikuwa ya nani. Sisi ni watu wa Arua. Mama amepanda basi la Arua kuja Kampala tangu mimi niko sekondari, na kila safari anaporudi ana habari za tembo. Mnaoijua njia hiyo mnajua: kati ya Karuma na Pakwach barabara inaambaa na ukingo wa hifadhi ya Murchison, na ukibahatika unawaona tembo kutoka dirishani, basi linapita, basi. Zaidi ya miaka thelathini amewaona hivyo, kwa sekunde. Ndani hajawahi kuingia. Amezaliwa 1954, mwaka uleule malkia wa Uingereza alipokuja Uganda na hifadhi ya Kazinga ikabadilishwa jina kuwa Queen Elizabeth, na siku zote anasema angependa kufika huko "kwa mwenzangu wa 1954". Mwaka huu nikasema inatosha. Siku nane: Murchison, Hoima, Fort Portal, Queen Elizabeth, Mbarara, Ziwa Mburo, halafu nyumbani kupitia Masaka. Mimi, mke wangu, watoto wawili na bibi yao.

Mama ana goti bovu na ana kisukari, anachoma insulini. Haya mambo mawili niliyasema kwenye simu ya kwanza, nikayarudia kwenye simu ya pili, nikayaandika kwenye ujumbe ambao ninao mpaka leo. Nilitaka gari lenye kitanda ndani ili asipande ngazi, na friji inayofanya kazi usiku kucha. Wakanitumia picha: gari refu, kitanda chini kabisa, friji pembeni, betri ya pili kwa ajili ya friji. Kijana wa ofisini akaniambia, "Hakuna shida mzee, kitanda kiko ndani, mama atalala kama nyumbani." Nikalipa shilingi 520,000 kwa siku, siku nane, jumla 4,160,000. Juu yake amana ya 1,500,000. Yote kabla sijaona gari.

Asubuhi ya safari tuliambiwa saa moja. Gari lilitoka saa tano. Na halikuwa lile. Ilikuwa Land Cruiser ya zamani yenye hema limekunjwa juu ya paa na ngazi ya kupandia ambayo kipago kimoja kimefungwa kwa waya. Nikauliza kitanda kiko wapi, yule kijana akaonyesha juu. Juu! Mama amesimama pale na fimbo yake, anamtazama. Nikadai pesa zangu, wakanifungulia mkataba ukurasa wa tatu: "gari lililotajwa au linalofanana nalo". Linafanana kwa lipi? Magurudumu manne? Watoto walikuwa wameshapanda, mizigo iko chini, likizo ya shule ina siku zake. Nikasaini. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Ila kabla ya kuondoka nililipiga gari picha pande zote, na hizo picha ndizo zitakazonisaidia, mtaona mbele.

Kwa kuchelewa kule, Nakitoma, kwenye hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, tulipita bila kusimama. Watoto walikuwa wamejifunza shuleni kwamba vifaru waliisha Uganda kufikia 1983, na kwamba pale Ziwa walianza kuzalishwa upya tangu 2005. Walikuwa wameandaa hadi maswali ya kumuuliza askari. Tungesimama, tusingewahi geti la Kichumbanyobo, la kuingilia Murchison. Wakalia mpaka Masindi.

Murchison kwenyewe sitasema vibaya, Mungu kaumba. Mama alishikwa mkono na mke wangu mpaka pale juu ambapo Mto Nile mzima unabanwa kwenye ufa wa mwamba wa mita kama saba, kisha unaporomoka zaidi ya mita arobaini. Alisimama pale bila kusema neno. Tembo aliwaona wamesimama, si wa kukimbizwa na basi. Lakini kila kilichotuudhi kilitoka kwenye lile gari. Dirisha la nyuma la kushoto halikupanda. Viti vimevikwa kitambaa cha buluu. Mtu yeyote anayefanya biashara hifadhini anajua kwamba mbung'o wanafuata buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hawa wamekodisha gari la kwenda kwa mbung'o lenye mtego ndani na dirisha wazi. Mtoto wangu mdogo alivimba shingo siku mbili.

Usiku wa kwanza mama alijaribu kupanda ngazi. Kipago cha pili tu, akashindwa, akashuka analia kwa maumivu. Kumtandikia chini haiwezekani, maana viboko wanatoka mtoni usiku kula nyasi na wanapita katikati ya kambi. Akalala siti ya mbele imelazwa nyuma, miguu juu ya begi. Hivyo hivyo usiku saba. Mwanamke wa umri ule, na kila asubuhi anatuambia, "Nimelala vizuri, wanangu, msihangaike." Sisi tulisikia akigeuka usiku kucha.

Sasa nifike Queen Elizabeth, ndiko penyewe.

Siku ya pili pale tulitoka alasiri kwenda Kasenyi, uwanda wa swala aina ya kob, na kwa kuwa kuna swala kuna simba. Saa kumi na moja na nusu tukawakuta simba jike wawili chini ya mti, labda mita sitini. Nikazima gari ili watoto wasikilize. Nilipowasha: tik. Tena: tik. Kimya. Hairuhusiwi kushuka garini pale, na hata ingeruhusiwa nani ashuke? Saa moja jioni kila mtu anatakiwa awe amerudi kambini. Nikapiga namba ya kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, "msaada saa 24". Imezimwa. Nikapiga ya yule kijana, ikaita mpaka ikakata. Mara kumi na moja, nina orodha kwenye simu. Dirisha lile bovu tukaliziba kwa godoro la hema. Mke wangu kawakumbatia watoto, mama anasoma dua kimyakimya. Giza likaingia. Sijawahi kuogopa hivyo, na hofu yenyewe haikuwa ya simba tu. Muda wa sindano ya mama ulikuwa umefika, na sindano ile inatakiwa ifuatwe na chakula, na chakula kiko kambini.

Waliotuokoa ni askari wa wanyamapori waliokuwa wanazunguka kuangalia nani amebaki. Wakatuvuta kwa kamba mpaka barabarani. Hawakuomba hata shilingi. Nawashukuru hapa hadharani.

Kesho yake fundi wa Katunguru alifungua boneti, akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka alipomwona mama. Akanionyesha. Betri ya pili ipo, lakini imekufa siku nyingi, imevimba pembeni. Badala ya kununua nyingine, wamechukua waya wa friji wakauunga moja kwa moja kwenye betri kubwa, ile ya kuwashia gari. Maana yake kila gari linapozimwa, friji inanyonya umeme wa kuwashia. "Kaka," akasema, "hapa unachagua: friji au safari." Na hii si bahati mbaya ya barabarani. Kuna mtu alikaa chini na koleo akaufunga ule waya, akijua gari linakwenda kwenye simba na familia ya watu.

Akaikata friji. Betri kubwa nayo ilikuwa imeshachoka, akatushauri tusizime injini isipokuwa kwenye mteremko. Insulini ya mama tukaiwekea nini? Wauza samaki wa pale Katunguru ndio walitupa barafu, mke wangu akaviringisha chupa kwenye taulo ndani ya ndoo ili zisiguse barafu, maana ikiganda inaharibika. Kila mji tukasaka barafu upya. Mbarara tulizunguka saa nzima. Betri mpya ya saizi ile sikuipata njiani kwa pesa niliyobakiwa nayo, kwa sababu amana yangu ilikuwa kwao.

Ziwa Mburo pundamilia tuliwaona injini ikiwa inanguruma. Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, ndipo nilipoumia kuliko kote. Pale ni tambarare, ukizima huwashi. Mama alitaka tupige picha wote, yeye katikati, mguu mmoja kaskazini mmoja kusini. Nikabaki kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, nikiwatazama kupitia kioo. Kwenye picha ile wako wanne. Aliniita kwa mkono mara mbili, nikamfanyia ishara siwezi. Alitembea kurudi polepole, akaniambia, "Haidhuru mwanangu, ikweta haihami." Ikweta haihami ndiyo, ila mama yangu ana umri wake.

Tumerudisha gari saa kumi jioni. Yule kijana akazunguka na tochi, mchana, halafu akatangaza ufa kwenye kioo cha mbele, kona ya chini kulia: 900,000. Friji "tumeikata nyaya": 400,000. Kuosha vumbi: 200,000. Hesabu ikatua palepale kwenye 1,500,000. Nikamwonyesha picha yangu ya siku ya kuchukua gari, saa na tarehe vipo, ufa ule ule, kona ile ile. Akasema picha za simu hawazitambui. Nikauliza bima, akafungua tena ukurasa wake wa tatu: haihusu vioo, matairi, sehemu ya chini wala paa. Sasa inahusu nini, viti vya buluu?

Wapo watakaosema nimsamehe, biashara ngumu, barabara mbovu. Barabara haina kosa. Kutoka Hoima mpaka Fort Portal tulipita lami tupu. Kama wana magari ya hema, wauze safari ya hema, wapo vijana wazima watakaoipenda. Kumwambia mtu mwenye mama mgonjwa kwamba kitanda kiko ndani huku unajua hakimo, hapo nani wa kusamehewa?

Nimeulizia, na kwa wasiojua: Uganda kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na unajisimamia mwenyewe bila wakili. Barua ya madai nimeipeleka kwa mkono Jumatatu, nimewapa siku 14, mlinzi wao amesaini kuipokea. Nadai amana yote na tofauti ya gari nililolipia na gari nililopewa. Usiku ule wa Kasenyi sijui unadaiwa kwa shilingi ngapi.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kama umewahi kukodi Land Cruiser nyeupe yenye hema juu, viti vya buluu, dirisha la nyuma kushoto halipandi na ngazi ina kipago kilichofungwa waya, niandikie faraghani. Na kama una picha yake ambayo kioo cha mbele kinaonekana, hata kwa mbali, hata ya mwaka jana, tafadhali usiifute.