Saiklofosfamidi gramu 21, sasa damu kwenye mkojo: ni figo au kibofu?

KliniKituo: Wakuu, habari. Mgonjwa wa kike, miaka 34, kilo 60, amekulia Pemba, ana nefritisi ya lupasi daraja la nne (kinga ya mwili wake inashambulia figo). Awamu ya kwanza alimeza saiklofosfamidi, dawa kali ya kushusha kinga, miligramu 100 kila siku kwa miezi sita. Ugonjwa uliporudi akapewa dripu za miligramu 500 kila wiki mbili, mara sita. Sasa anatumia dawa za kutuliza lupasi: azathiopurini miligramu 100, prednisoloni 5 na hidroksiklorokwini 200. Mkojo una damu tena, ila protini haijapanda na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) iko palepale. Amesikia dawa hizi zinaleta saratani, anataka kuziacha zote. Tuanzie wapi?

NyotaPwani: Asiache kitu kwanza. Prednisoloni ya muda mrefu haikatwi ghafla, na lupasi ikilipuka upya anaweza kuhitaji saiklofosfamidi tena, ambayo nayo ina hatari anayoiogopa.

Hesabu yake: vidonge gramu 18, dripu gramu 3, jumla 21. Kikomo kinachotajwa kwa maisha yote kwenye lupasi ni gramu 36. Lakini chini ya hapo si salama kabisa, hatari hupanda kadiri gramu zinavyoongezeka na hubaki miaka mingi baada ya dawa kuisha. Ona tofauti: dripu sita zote ni sawa na vidonge vya mwezi mmoja tu. Jumla hiyo iandikwe ukurasa wa mbele wa faili. Mara nyingi haiandikwi, na daktari anayefuata anaanza kuhesabu kutoka sifuri.

Darubini: Damu hiyo isisingiziwe lupasi kabla ya kuangaliwa. Chukua mkojo mbichi, uusome ndani ya saa moja. Seli nyekundu zilizokunjamana pamoja na kasti za damu (vijiti vya seli vilivyoumbika ndani ya mirija ya figo) zinaelekeza kwenye figo. Seli za duara zinazofanana, bila kasti, au mkojo mwekundu wenye mabonge, zinaelekeza kwenye kibofu. Protini kutopanda kunanifanya nishuku kibofu zaidi.

Na Pemba ni kichocho. Chukua mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, chuja mililita 10, tafuta mayai yenye mwiba mwishoni. Yakionekana, prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo: kwake vidonge vinne vya 600, mara moja. Ila kichocho nacho husababisha saratani ya kibofu, kwa hiyo huyu anaweza kuwa na sababu mbili: kichocho na saiklofosfamidi. Damu isiyo ya figo ikiendelea, apelekwe kuangaliwa kibofu kwa kamera. Ultrasaundi safi haitoshi, uvimbe mdogo au bapa huikwepa.

KliniKituo: Asante sana. Akihitaji saiklofosfamidi tena?

NyotaPwani: Muulizeni kwanza daktari wa figo kuhusu maikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga. Ikibidi vidonge, vimezwe asubuhi: akrolini, taka ya dawa hii inayounguza kibofu, isilale humo usiku kucha. Anywe maji ya kutosha na akojoe mara kwa mara, isipokuwa amevimba au mkojo umepungua, hapo maji yapangwe na daktari. Mesna, dawa ya kulinda kibofu, huikamata akrolini kwenye mkojo; huhitajika zaidi kwenye dozi kubwa.

Mkunga_T: Msisahau shingo ya kizazi. Kinga ikishushwa, kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya shingo hiyo, hakiondoki kirahisi. Apimwe HPV yenyewe kama kipimo kipo, kama hakipo afanyiwe kipimo cha siki (shingo hupakwa siki ili madoa yaonekane), na asipangiwe muda mrefu kama mwanamke mwenye kinga kamili. Chanjo ya HPV si hai, haizuiwi na dawa hizi, ila dozi moja haimtoshi. Kwa kinga iliyoshuka hupendekezwa tatu.

Azathiopurini huifanya ngozi iumizwe zaidi na jua. Mwenye ualbino akiandikiwa, azungumze na daktari wa ngozi kabla ya kidonge cha kwanza.