FUNDI WA MTWARA MJINI, NIRUDISHIE MOTA YANGU! Nani alikuomba uniongezee wati?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtakaokutana na maneno makali mnivumilie. Na mods msiutupe uzi huu jukwaa la matangazo, siuzi kitu. Nataka mota yangu.

Nina mashine ya kufyonza vumbi (vakyumu), Hoover Constellation, ile ya mviringo kama dafu, ya miaka ya 1950. Kwa wasioijua: haiendi kwa magurudumu. Hewa inayotoka inasukumwa chini ya tumbo lake, inajinyanyua kidogo tu, ukivuta mpira wake inakufuata inateleza kama mbuzi aliyeizoea kamba. Babu yangu alipewa na Mzungu aliyekuwa anamfanyia kazi Shangani, mtu wa reli. Ile reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ilipofungwa mwaka 1962 Mzungu akafunga virago, babu akarudi Mikindani na mashine kichwani. Bibi akafyonzea sakafu yake nyekundu ya saruji miaka na miaka. Mimi kila Shaabani naipeleka msikitini kufyonza mazulia kabla ya Ramadhani, na watoto wa madrasa wanagombania kuivuta.

Mwaka huu ikaanza kulia. Mlio wa beringi kavu, kama mtu anatafuna kokoto, na ukichungulia kwenye matundu gizani unaona cheche zinazunguka. Tatizo lenyewe dogo: kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimeisha, beringi zimekauka. Nikaibeba hadi mjini kwa fundi mmoja anayesifiwa sana (jina simtaji, anajijua). Nikamwambia waziwazi: kaboni mbili, beringi mbili, usafishe komuteta (ile duara ya shaba inayoguswa na kaboni), basi.

Nilipaswa kuichukua palepale, maana niliona kwa macho yangu. Alifungua, akachomoa feni, akaishika mota kwa mkono mmoja juu ya meza, akachomeka waya moja kwa moja ukutani. Bila feni! Mota ikapiga kelele kama king'ora, meza ikatetemeka, yeye anacheka: "Umeona mjomba, nzima hii!"

Wakuu, mota hizi si kama za pampu ya maji. Mota ya pampu, kwa umeme wetu wa hezi 50, haiwezi kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika hata ufanyeje. Hii ya vakyumu ni ya kaboni, koili za nje na amecha ya ndani (ile sehemu inayozunguka) zimeungwa mfululizo, yaani umeme ukipita moja ndipo unaingia nyingine, na hakuna kinachoizuia isipokuwa mzigo wenyewe, yaani feni inayosukuma hewa. Ikiwa na feni inazunguka zaidi ya 10,000. Ukiitoa feni inakimbia tu, inaongeza na kuongeza, mpaka waya za amecha zinaweza kuchomoka kwenye mifereji yake. Ndiyo maana fundi anayejua anaunga taa ya wati 100 mfululizo na mota kabla ya kuijaribu: kama kuna shoti, taa inawaka kwa nguvu na mota inapona. Taa ya zamani ile ya waya, siyo hizi za LED. Ile balbu ni pesa ngapi?

Nikanyamaza. Mtu mzima mzima nikanyamaza, kwa sababu watu wengine walikuwa wamekaa pale na sikutaka kumwaibisha kijana wa watu.

Baada ya wiki napigiwa simu. "Mjomba, njoo uchukue, nimekuongezea nguvu. Ile yako wati zake kidogo mno, sasa hivi una wati 1,400!" Bili: shilingi 120,000. Nilikuwa nimetenga 30,000.

Nimefika nyumbani nimewasha. Kelele, majirani wametoka nje. Lakini mashine imekaa chini kama jiwe, haijinyanyui. Naweka mkono mdomoni mwa mpira, uvutaji hafifu kuliko wa mashine iliyokuwa inatafuna kokoto. Dakika kumi hazijafika, waya wa umeme umekuwa wa moto huwezi kuushika, na harufu ya plagi inaungua.

Nikafungua mwenyewe. Jamani.

Ile duara ya chuma iliyokuwa inashikilia mota ya zamani imekatwa kwa msumeno wa chuma, alama za meno ya msumeno zinaonekana, na vumbi la chuma bado limelala humo ndani. Mota mpya ni ya kichina, fupi na nene, haikai sawa, kwa hiyo akajaza gundi ya siliconi pembeni kama anaziba bati linalovuja. Upande mmoja gundi imeachia. Hewa inatoka nyuma ya feni na kurudi mbele ya feni, inazunguka humohumo, itafyonza nini? Na hewa ya kujinyanyulia itatoka wapi? Nikakwangua vanishi kidogo kwenye koili: waya mweupe. Aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Yangu ilikuwa shaba tupu.

Halafu hiyo hadithi ya wati. Wati ni chakula kinacholiwa na mashine, si kazi inayofanywa. Wenzetu Umoja wa Ulaya mwaka 2014 waliweka sheria vakyumu mpya zisizidi wati 1,600, na mwaka 2017 wakashusha hadi 900, na bado watu wanafyonza mazulia yao. Kinachofyonza ni feni nzuri, njia ya hewa isiyovuja na mfuko ambao haujajaa. Huyu ameleta mota inayokula zaidi ya ampea 6, akaiunga kwenye waya wa mashine ambayo haikufika hata nusu ya hapo, waya wenyewe ngozi yake ya mpira inameguka ukiukunja. Ningeiacha saa nzima msikitini, leo ningekuwa naandika uzi mwingine kabisa.

Msinielewe vibaya, sipingi kuboresha. Kama angeniwekea beringi za kisasa zilizofungwa pande zote mbili zisizoingia vumbi, na waya mpya mnene, ningemlipa na soda juu. Hata kama amecha ingekuwa imeungua kweli, hapo mjini wapo wazee wanaosuka mota: wanahesabu mizunguko ya waya wa zamani, wanapima unene, wanarudisha vilevile, wanachovya vanishi na kukausha. Inachukua siku lakini mota inabaki yako. Na kaboni mpya zinasuguliwa kwa msasa wa kioo zikae vizuri kwenye komuteta, siyo msasa wa chuma ambao unga wake unapitisha umeme. Haya mambo nimeyajua kwa kuulizauliza tu, mimi ni mwalimu mstaafu. Yeye ndiye fundi.

Nimerudi kudai mota yangu. Mara ya kwanza: "Ile ilikuwa mbovu mjomba, nimeitupa." Siku ya pili: "Ipo stoo, ufunguo anao mdogo wangu." Mara ya tatu kijana wake wa kazi akaropoka kwamba kuna mtu wa chuma chakavu alipita na toroli Ijumaa. Fundi akamkata jicho, yule dogo akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Yaani amenikatia mashine, amenilipisha 120,000, halafu ameuza shaba ya babu yangu kwa kilo.

Kwa wale mtakaoandika "nunua mpya mzee": msipoteze bando.

Serikali ya mtaa nimeshaenda, wameniambia twende Jumatatu tukakae naye. Sawa, nitakaa. Lakini mota ikishavunjwa shaba itolewe, kikao hakitaiunga. Kwa hiyo wanaonunua chuma chakavu Chikongola, Magomeni, na ninyi mnaopeleka mizigo hadi Lindi, angalieni kwenye magunia yenu. Ni mota ndogo, karibu na kishikio cha kaboni babu alichora kwa msumari herufi M na nyota iliyokaa kombo, alikuwa anajifunza kuandika wakati ule. Skrubu moja haifanani na zingine, ni ya baiskeli. Atakayeiona anitumie ujumbe humu, nitainunua kwa bei ya kilo aliyonunulia na nusu yake juu, hata kama feni imeshatoka. Feni nitatafuta.