Wakuu, acheni kuwatukana maranibeki wakati safu ya wazuiaji imebomolewa

Wakuu salaam.

Kila Jumatatu baada ya mechi za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ni yale yale. Ranibeki, yule anayekabidhiwa mpira akimbie nao, kabeba mara 19 kaambulia yadi 50, basi jukwaa zima linajaa "huyu kaisha", "kala mkataba kalala". Hakuna hata mmoja anayeuliza gadi wa kushoto, mmoja wa wazuiaji watano wanaomfungulia njia, alikuwa nani. Inakera sana, maana jibu liko pale pale kwenye marudio, na watu hawataki kulitazama.

Haya, chukueni ranibeki Shaun Alexander wa Seattle. Mwaka 2005 alibeba mara 370, yadi 1,880, wastani wa yadi 5.1 kila mara, tachidauni (mabao) 28, tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa ligi. Kushoto kwake walisimama mzuiaji wa pembeni Walter Jones na gadi Steve Hutchinson, wawili waliokuwa bega kwa bega tangu 2001. Ikaja Machi 2006. Uongozi wa Seattle, kwa kuokoa pesa isiyofika dola milioni 1, ukamwekea Hutchinson kizuizi dhaifu cha mkataba, cha kulingana tu na dau la timu nyingine bila fidia, badala ya kile cha juu. Minnesota wakampa mkataba wa miaka 7, dola milioni 49, wenye kifungu cha ujanja: asipokuwa mzuiaji anayelipwa zaidi kwenye timu yake, pesa zote zinakuwa za uhakika. Seattle walikuwa wanamlipa Jones zaidi. Wakashindwa kulingana na dau hilo, mtu akaondoka bure.

Msimu uliofuata Alexander: mara 252, yadi 896, wastani 3.6. Mashabiki wakamzomea, wengine wakasingizia laana ya kuwekwa kwenye jalada la gemu la video la Madden! Ni kweli alivunjika mguu akakosa mechi 6, na umri wa miaka 29 si mchezo kwa ranibeki. Lakini kuvunjika mguu na gemu vyote vilitajwa, gadi hakutajwa.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Kwenye mbio za kwenda kushoto, gadi na senta (mzuiaji wa katikati) wanamsukuma pamoja yule beki mnene wa katikati wa wapinzani, nyonga zikigusana, mkono mmoja mmoja uko huru, macho ya wote wawili yako kwa lainbeka, mlinzi aliye nyuma ya huyo mnene. Lainbeka akikimbilia nje, gadi ndiye anayemwacha mnene na kumfuata. Akijipenyeza ndani, senta ndiye anayetoka. Hakuna muda wa kuambiana, uamuzi unatoka kwenye presha ya bega la mwenzako, na presha hiyo inajulikana kwa mazoezi ya miaka. Gadi mgeni akitoka mapema, mnene anageuza nyonga na kupenya. Akichelewa nusu hatua, lainbeka anafika pengoni akiwa mzima, hajaguswa.

Kwa ranibeki maana yake ni hii: anapokea mpira yadi 4 au 5 nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo na tayari kuna mtu mbele yake. Lazima akate pembeni kabla hajafika mstarini, kasi inakufa, na beki wa ukingoni aliyekuwa ameshaachwa anamfikia kwa nyuma. Nyie kwenye runinga mnaona "anasitasita". Anasita kwa sababu njia haipo!

Mkibisha, tazameni ranibeki yule yule mmoja kwenye timu mbili: Saquon Barkley. 2023 akiwa Giants, mara 247, yadi 962, wastani 3.9. 2024 akiwa Eagles, mara 345, yadi 2,005, wastani 5.8. Na msiniambie Eagles hawakubadilisha kitu. Senta Jason Kelce alistaafu Machi 2024, Cam Jurgens akahamishwa kutoka gadi wa kulia kuwa senta, na Mekhi Becton, mzuiaji wa pembeni tangu aingie ligi, akafundishwa ugadi. Ila Jurgens alikuwa amekaa na Kelce misimu miwili akiandaliwa kwa nafasi hiyo, na wazuiaji wengine watatu, Jordan Mailata, Landon Dickerson na Lane Johnson, walibaki walipokuwa. Juu ya hapo mrusha mpira wao Jalen Hurts naye alikuwa anakimbia, kwa hiyo beki wa ukingoni hakuthubutu kumfuata Barkley moja kwa moja. Hayo ni mabadiliko yaliyopangwa. Kuokota gadi Agosti na kumtegemea Septemba ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo anayetaka kumlaumu ranibeki kwenye uzi huu alete kwanza majina matano ya wazuiaji wa msimu uliopita na matano ya sasa, halafu aseme mara ngapi mtu aliguswa kabla ya mstari. Kamera ya nyuma ya goli inaonyesha kila kitu. Nani anaanza?