Kashusha kioo vidole vinne tu, eti "kwani wewe huangalii hali ya hewa?"

Mkaa Mbichi (Jumapili 16 Aprili 2023, saa 3:40 usiku)

Wakuu, naandika vidole bado vimekufa ganzi, kwa hiyo mkikuta herufi zimeruka msinisahihishe.

Huyu mtu mnamjua. Wa Minneapolis na St. Paul, huku Minnesota, Marekani, wote mnamjua, wa Brooklyn Park ndio kabisa. Yule mwenye funguo za stoo ya vifaa vya kundi letu. Yule anayetuamulia lini kuna baridi na lini kuna joto kama vile jua linamuaga kabla ya kuzama. Jina sitaji.

Leo kashusha kioo cha gari vidole vinne. Vinne! Nimevihesabu. Kaniona nimesimama na jiko katikati ya theluji, akasema, "Kwani wewe huangalii hali ya hewa?" Kioo kikapanda.

Ngojeni niwape chanzo. Tangu Novemba tumefungiwa ndani. Msimu huu theluji inakaribia inchi 90 kwa jumla, na tarehe 1 mwezi huu huu tumeamka tumefukiwa upya. Nimezoa theluji kwa koleo mpaka mgongo umepinda kama ndizi mzuzu. Basi Jumatano, tarehe 12, joto likapita nyuzi 80 za Farenhaiti. Dar tupu! Watu wametoka na kaptura, Wazungu wamejilaza kwenye nyasi zenye matope kama mamba wa Rufiji. Nimefungua madirisha yote, nimesikia ndege, machozi yakanilengalenga.

Na ni yeye, siyo mimi, aliyeandika kwenye kundi usiku ule: "Msimu umefunguliwa. Jumapili uwanjani saa nane mchana. Tuchome, tucheze, na wanaofunga tukae nao mpaka futari."

Nikanunua mbavu na mguu wa mbuzi. Nimeloweka usiku kucha kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi. Saa saba niko uwanjani, peke yangu, nawasha mkaa. Kulikuwa na manyunyu. Nikasema manyunyu si kitu, mimi nimekulia Lushoto. Manyunyu yakageuka theluji. Mwanzo punje moja moja, halafu ikawa kama kuna mtu kakaa juu mbinguni anakuna nazi za harusi nzima. Kila punje ikigusa mkaa, tss. Tss. Tss. Mafuta ya zile mbavu yakaganda juu ya nyama, meupe kama mshumaa. Kachumbari ikafunikwa mpaka nikawa sijui kitunguu ni kipi na theluji ni ipi.

Ndipo likaja gari lake. Nikajua kaleta turubai. Moyo ukatulia kabisa. Kioo kikashuka vidole vinne, hewa ya moto ikanipiga usoni, nikaona kikombe cha chai kinafuka moshi mkononi mwake. "Kwani wewe huangalii hali ya hewa?"

Na kupitia uwazi ule wa vidole vinne nimeliona turubai letu. Kiti cha nyuma. Bado limo kwenye nailoni yake! Turubai ambalo mimi nimelichangia dola arobaini!

Kaondoka. Hata pole hakusema.

---

Siti ya Mbele

Nipo. Leteni karanga.

---

Mzee wa Mombo

Mkuu, swali dogo tu. Kundi zima watu wangapi? Na waliokuja uwanjani wangapi? Maana naona kama wote walijua isipokuwa wewe.

---

Mkaa Mbichi

Mzee wa Mombo usinichokoze. Ujumbe wa kuahirisha kauandika saa saba na dakika hamsini! Mimi saa hiyo mikono yote ina mkaa, simu iko mfukoni, nje kuna baridi ya kugandisha uji wa moto. Mtu anayeahirisha shughuli dakika kumi kabla ya kuanza, halafu anapita na gari kuhakikisha nimeumia, huyo ni binadamu? Na vidole vinne! Angeshusha kioo chote ningemsamehe.

---

Koleo la Pili

Mimi niko St. Cloud, namjua vizuri huyo jamaa, mwaka jana alituchezea vilevile. Ila mkuu, Aprili ya huku ndivyo ilivyo. 2018 ulikuwepo? Tarehe 13 mpaka 15 Aprili ilishuka theluji karibu inchi 15 pale uwanja wa ndege. Ziwa Minnetonka barafu haikutoka mpaka tarehe 5 Mei, wiki moja kabla ya msimu wa kuvua kufunguliwa. Tulikuwa tumeshanunua nyavu na ndoano, tukabaki kuangalia barafu kama watu wanaosubiri mwili hospitali.

Hapa tuko katikati ya bara, hatuna bahari ya kutuliza mambo. Upepo ukitoka kusini unapata kaptura, ukigeuka ukatoka Kanada unapata koti, na vyote ndani ya wiki moja. Jumatano ya joto haijawahi kuwa ahadi ya Jumapili.

---

Mkaa Mbichi

Hayo yote sawa, lakini aliyesema "msimu umefunguliwa" ni nani? Mimi au yeye? Mimi sijawahi kufungua msimu maishani mwangu. Msimu kaufungua yeye, halafu kaufunga akiwa ndani ya gari, anakunywa chai.

---

Mama Mchicha

Wewe unalilia mbuzi, mbuzi utamla kesho. Mimi nalia na miche. Joto la Jumatano lilinidanganya nikatoa miche yangu yote ya mchicha na sukuma wiki nje kwenye ndoo, izoee jua. Usiku huu nimeikuta imelala chali, majani yamekuwa kama yamechemshwa. Jirani yangu Mzungu, bibi wa miaka themanini, alinikataza. Aliniambia huku mboga hazitoki nje mpaka katikati ya Mei. Nikamwona ananionea wivu. Mbegu zile nililetewa na mama kutoka Moshi, zimefungwa kwenye leso. Zimebaki chache tu.

---

Mzee wa Mombo

Pole sana Mama Mchicha. Huu sasa ndio msiba wa kweli.

---

Abiria wa Jangwani

Samahani wanadaispora, mnalilia vitu vyepesi. Njooni Dar kipindi hiki cha masika. Mvua ikipiga usiku mmoja tu, Jangwani hapapitiki. Ijumaa nimekaa kituoni saa mbili nzima, nikavua viatu, nikaviweka kichwani kama mtungi. Dereva wa bodaboda akaniambia nauli imepanda mara tatu kwa sababu "leo tunaendesha mtumbwi". Nyie theluji yenu angalau ni safi. Maji ya kwetu yana kila kitu isipokuwa samaki.

---

Koleo la Pili

Abiria, theluji safi? Njoo Aprili ikiyeyuka uone yale iliyoficha tangu Desemba. Kila mwenye mbwa mtaani ana kesi ya kujibu. Na barabara zimetoboka mashimo ya kumeza tairi zima.

---

Bint Mkunazini, Maskati

Jamani ndugu zangu, mimi nawasoma huku najipepea. Nyie mnasubiri msimu wa nje uanze, sisi wetu unatuaga. Huku Maskati kukaa nje ni miezi ya baridi, ikifika Mei bustanini hakukaliki tena, chuma cha mlango wa gari kinakuunguza mkono. Na msimu mzima huo mashemeji zangu wamekwenda jangwani kulala mahema kila wikendi, na mimi hawajanichukua hata mara moja. Kila Alkhamisi, "shemeji, safari ijayo". Safari ijayo ndiyo hiyo joto limeshaingia! Basi Ramadhani yote hii nawapikia futari, wanakula sambusa zangu huku wanaoneshana picha za moto wa kuni na nyota. Mbele yangu!

---

Siti ya Mbele

Bint Mkunazini fungua uzi wako mwenyewe, huu wa mashemeji unastahili kurasa kumi.

---

Mkaa Mbichi

Wakuu turudi kwenye kioo. Vidole vinne. Naomba mtu mmoja tu aniambie, ukimkuta mwenzako amesimama kwenye theluji na mbuzi mzima, humwambii hata "ingia garini"?

---

Abiria wa Jangwani

Ulisema mguu na mbavu. Mbuzi mzima katoka wapi?

---

Mama Mchicha

Hivi yule mbuzi uliishia kumfanyaje?

---

Mkaa Mbichi

Nimemrudisha nyumbani, nimemweka kwenye oveni. Nyama imekuwa laini mno, inavunjika vunjika kama samaki.

---

Mzee wa Mombo

Hilo ni papai. Papai bichi haliwekwi usiku kucha hata siku moja, nusu saa inatosha, likizidi linakula nyama yote. Weka ndimu na chumvi, basi.

---

Bint Mkunazini, Maskati

Ndimu na chumvi ndiyo mnaita nyama hiyo? Weka mtindi, bizari nzima na pilipili mtama. Papai waachieni wenye nyama ngumu ya ng'ombe.

---

Koleo la Pili

Bint, mtindi kwenye mkaa unaungua nje, ndani mbichi. Mimi nimechoma nyama miaka kumi na mbili.

---

Bint Mkunazini, Maskati

Unaungua kwa sababu unaweka nyama wakati moto bado una ndimi. Unasubiri mpaka mkaa uvae majivu meupe juu, ndipo unaweka. Umefundishwa na nani wewe?

---

Mama Mchicha

Papai mnalitoa maganda au mnasaga nayo?