MJADALA: Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha China awekewe ukomo wa mihula, au chama kiachwe kiamue chenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Ukitaja madaraka ya Xi Jinping, watu wengi wanaanzia Machi 11, 2018. Siku hiyo Bunge la Umma mjini Beijing liliondoa kwenye katiba ya nchi sharti la rais kutopita mihula miwili mfululizo. Kura 2,958 ziliunga mkono, 2 zilipinga. Nasema tunaanzia mahali pasipo. Rais wa China, kwa urais wake peke yake, hana nguvu kubwa. Nguvu iko kwa Katibu Mkuu wa chama na kwa anayeongoza Kamati Kuu ya Kijeshi, chombo kinachoamuru jeshi, na katiba ya chama haikuwahi kuweka ukomo wa mihula kwa kiti chochote kati ya hivyo viwili. Mwaka 2018 mlango ulikuwa wazi siku nyingi.

Huku kwetu tumezoea Katibu Mkuu aliye mtendaji chini ya mwenyekiti, kwa hiyo niweke sawa. Mao Zedong aliongoza akiwa mwenyekiti wa chama hadi alipofariki Septemba 1976. Liu Shaoqi, aliyekuwa rais wa nchi, alifia kizuizini mwaka 1969. Deng Xiaoping, aliyekuja kushika hatamu baada ya Mao, aliangushwa mara mbili ndani ya miaka kumi. Waliobaki hai walijua wanakimbia nini. Agosti 1980 Deng alitoa hotuba ndefu akilaani madaraka kurundikwa kwa mtu mmoja na viongozi kukaa madarakani hadi kufa. Mkutano Mkuu wa 12, Septemba 1982, ukafuta kabisa uenyekiti wa chama, ukamfanya Katibu Mkuu kuwa kinara. Kazi yake iliyoandikwa ni ya kawaida sana: kuitisha vikao vya Politburo, yaani kundi la viongozi wa juu wa chama, na vya Kamati yake ya Kudumu, yaani wachache wa juu kabisa kati yao, na kusimamia Sekretarieti. Katiba hiyo hiyo ya chama ikapiga marufuku kumtukuza kiongozi.

Sasa jiulizeni. Waliokuwa na kidonda kibichi namna ile, kwa nini Desemba 1982 wamwekee rais ukomo wa mihula, halafu wamwache kinara wa chama bila ukomo? Maoni yangu: wazee wa chama, Deng akiwemo, hawakutaka kujifunga mikono. Deng hakuwahi kuwa Katibu Mkuu wa mfumo huu mpya, alishika jeshi. Hu Yaobang, Katibu Mkuu wa kwanza wa mfumo huo, wazee walimng'oa Januari 1987. Aliyemfuata, Zhao Ziyang, alimweleza Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Mei 1989 kwamba kwenye mambo mazito zaidi chama bado kinamtegemea Deng. Mwezi uliofuata naye aliondolewa, akaishi chini ya ulinzi nyumbani kwake hadi alipofariki Januari 2005. Katibu Mkuu anafungiwa nyumbani zaidi ya miaka 15, na hakuna kifungu hata kimoja cha kumlinda!

Baada ya hapo ikatawala mazoea. Mwenye miaka 67 anaweza kuendelea, mwenye 68 anapumzika. Mrithi anaingizwa mapema kwenye Kamati ya Kudumu: Hu Jintao tangu 1992, Xi tangu 2007. Hu Jintao alipoondoka 2012 aliachia chama na jeshi kwa mkupuo mmoja, na dunia ikasema China imepata njia ya kupokezana. Mwaka 2017 hakuingizwa mrithi. Oktoba 2022 Li Keqiang na Wang Yang wa Kamati ya Kudumu, wote wa miaka 67, walitoka, na jenerali Zhang Youxia mwenye miaka 72 akabaki Politburo. Xi akachukua muhula wa tatu. Hakuna aliyevunja kifungu, kwa kuwa kifungu hakikuwepo.

Msimamo wangu: katiba ya chama iandike mihula miwili ya miaka mitano, kwa Katibu Mkuu na kwa mkuu wa Kamati Kuu ya Kijeshi pia. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, historia umeipanga vizuri, ila umeruka funzo la miaka ya 80. Shida ya Hu Yaobang na Zhao ilikuwa cheo bila nguvu. Katibu Mkuu huyu, mwenye jeshi yule, rais mwingine kabisa. Ndiyo maana kuanzia 1993 Jiang Zemin, Katibu Mkuu aliyemfuata Zhao, alivaa kofia zote tatu. Mabadiliko ya 2018 yalizilinganisha tu kofia hizo, na gazeti la chama liliandika wakati ule kwamba hayamaanishi mtu kukaa madarakani maisha.

Kofia mbili sisi tunazijua. Kuanzia 1985 hadi 1990 Mzee Mwinyi alikuwa rais na Mwalimu akabaki mwenyekiti wa CCM. Serikali imesaini na IMF mwaka 1986, chama kinasimamia Azimio la Arusha. Mtendaji wa wilayani amsikilize nani?

Halafu rushwa. Zhou Yongkang alikuwa Kamati ya Kudumu, ameshika vyombo vya usalama. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha maisha. Katibu Mkuu anayehesabiwa siku zake angethubutu?

Mchangiaji wa pili

Mimi naona nyote mnaamini mno karatasi au mtu. Angalieni Vietnam. Katiba ya chama chao inasema wazi: Katibu Mkuu asizidi mihula miwili mfululizo. Januari 2021 Nguyễn Phú Trọng akapewa wa tatu, kwa maelezo kwamba ni hali ya pekee. Alifariki akiwa kitini Julai 2024, ana miaka 80. Kifungu kilikuwepo, kikarukwa.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja ya kofia naikubali nusu. Mimi sijadai vyeo vitenganishwe. Avae zote tatu, lakini azivue zote tarehe inayojulikana. Kuhusu Zhou, alikuwa ameshastaafu tangu 2012 aliposhughulikiwa, na Xi alikuwa ndani ya muhula wake wa kwanza. Kazi hiyo haikuhitaji muhula wa tatu.

Hoja ya Vietnam ndiyo nzito kuliko zote humu. Lakini angalia, mkuu, kule ilibidi waombe ruhusa ya kuruka kifungu, na kila mwanachama alijua kuna kitu kimerukwa. Anayekuja baada yake anakikuta kifungu bado kimeandikwa, na wanaompinga wana cha kushika. China mpinzani ndani ya chama atashika nini? Mazoea ya umri ambayo hakuna aliyewahi kuyatia sahihi?

Na jambo hili si la kutazama kwa mbali. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa 2022, ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, na makada vijana wa vyama sita vya ukombozi kusini mwa Afrika wanasoma pale. CCM tangu 1995 imebadilisha rais kwa ukomo wa katiba, isipokuwa 2021 rais alipofariki, na kofia ya chama ikamfuata aliyeingia Ikulu. Huo ni utaratibu ambao Wachina wenyewe hawana, na makada wetu wanapaswa kuusema mbele ya wageni bila aibu.

Mkutano Mkuu wa 21 unatarajiwa mwaka 2027, Xi akiwa na miaka 74. Mnaomtetea naomba jibu moja tu: kati ya hao saba wa Kamati ya Kudumu, nani anaandaliwa, na kwa kifungu kipi?